Mteremko wa Mlango wa Nyuma

Mdogo wangu ni mwashi, na hata baada ya miaka tisa kwenye kiti cha magurudumu, mtaa mzima bado unamwita Fundi. Alianguka kutoka jukwaani, ghorofa ya pili, mwiko mkononi. Alipozinduka hospitalini, swali lake la kwanza lilikuwa kama ule ukuta umenyooka. Hakumuulizia mke wake wala watoto, wala mimi dada yake niliyekesha kwenye benchi siku tatu. Ukuta! Nilimwambia angekuwa mzima ningempiga kofi.

Mimi ni mshonaji. Kwa hiyo ukoo wetu una mafundi wawili, mmoja anapima milango, mwingine anapima viuno, na sote wawili hatupendi kuambiwa tumekosea. Yeye alipoanza kazi ya ukaguzi, nani wa kushika ncha ya pili ya futikamba? Mke wake yuko sokoni, watoto wako shule. Nikafunga cherehani yangu, nikabeba daftari, nikawa karani wa mdogo wangu.

Kazi yenyewe ilitoka kwenye chama cha watu wenye ulemavu. Ofisi ya michezo ya mji ilikuwa imekubali kutoa ukumbi mmoja, jioni tatu kwa wiki, kwa timu ya wanawake wanaocheza mpira wa kikapu wakiwa kwenye viti. Sharti lilikuwa moja. Ukumbi ukaguliwe, fomu isainiwe na mkaguzi na nahodha wa timu, ifike ofisini kabla ya Jumatatu. Usipopatikana ukumbi unaopita, zile jioni tatu wanapewa watu wa karate kwa mwaka mzima. Orodha ilikuwa na kumbi nne.

Timu hiyo ilikuwa inafanya mazoezi kwenye maegesho ya magari nyuma ya ghala la sabuni. Kikapu kimefungwa kwenye nguzo, lami imejaa mashimo, na gari la mizigo likija wote wanasogea pembeni wakisubiri dereva amalize kupiga honi na kutoa maoni yake. Nahodha wao, ambaye hata mama yake mzazi anamwita Kapteni, ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sauti kama kengele ya shule, mdomo haujui likizo. Tulipompelekea orodha, aliweka kidole kwenye ukumbi wa nne.

"Huu ndio ukumbi wenyewe," alisema. "Sakafu ya mbao, taa nzuri, uwanja wa kipimo kamili. Lakini muangalie mteremko wa mlango wa nyuma. Ule ndio ulionipandisha cheo."

Kisa hicho alikuwa anakisimulia kwa kicheko siku zote, ila hakuwahi kututajia ni wapi. Tangu utotoni mguu wake mmoja ulikuwa dhaifu, lakini kwa magongo yake mawili alikuwa anafika kokote. Miaka mitano iliyopita alikwenda kutazama mechi. Mvua ilikuwa imenyunya. Mteremko ulikuwa unang'aa kama sahani, gongo likaenda huku, yeye akaenda kule, mgongo ukatua kwenye ukingo wa mtaro. "Kutoka magongo hadi gari," husema akipiga magurudumu yake. "Wengine wanasubiri cheo miaka ishirini, mimi dakika moja tu."

Siku hiyo Fundi hakucheka.

"Unang'aa? Ina maana umepigwa niru?" Niru ni ile saruji laini inayosuguliwa juu ya sakafu mpaka unaweza kujitazama uso. "Nani anapiga niru kwenye mteremko? Mteremko unakwaruzwa kwa ufagio ukiwa mbichi, ili mguu ushike. Hata kibarua wa siku ya kwanza anajua. Huyo si fundi, huyo ni muuaji."

Na mimi, mdomo wangu huu usiosubiri kutumwa, nikaongeza, "Mikono yake na ikauke."

"Dada, muache mwenye mikono yake," Kapteni alisema. "Mimi nataka ukumbi. Mle mara ya mwisho nilitoka kwa machela. Sasa nataka niingie kwa magurudumu yangu, mpira mapajani."

Tukaanza Jumanne. Nilidhani naujua mji wangu. Loo! Nilikuwa naishi kwenye mji wa watu wengine kabisa.

Ukumbi wa kwanza una bango kubwa mlangoni, mchoro wa kiti cha magurudumu, rangi ya bluu, safi. Nikafurahi. Ndani, choo cha walemavu kimefungwa kwa kufuli. Ufunguo uko wapi? Anao mtunza vifaa. Mtunza vifaa yuko wapi? Amesafiri. Lini? Miezi miwili iliyopita. Nikapiga kelele mpaka wakakata kufuli, na mle ndani, wallahi, kulikuwa na nyavu za mpira, ndoo za rangi na godoro. Mtu alikuwa analala mle! Juu ya choo kulikuwa na pasi ya nguo.

"Mbona hao watu wenyewe hawaji?" mhudumu aliniuliza, na alikuwa anauliza kwa dhati. "Wangekuja tungefungua."

Nilitaka kumjibu, Fundi akanigusa mkono. "Andika, dada. Choo, hakuna."

Ukumbi wa pili mlango wake una sentimita sitini na nne. Kiti cha mdogo wangu kina sitini na sita. Nilipima mara tatu, nikitumia na futi yangu ya kupimia viuno, nikidhani futikamba imekosea. Msimamizi wa pale, kijana mwenye filimbi shingoni, alitutazama tukihangaika kisha akasema kwa ukarimu mkubwa, "Msijali, tuna vijana wenye nguvu. Tutambeba."

"Na akitaka kwenda haja?" niliuliza.

"Tutambeba."

"Na ndani ya choo?"

Hapo akaanza kupuliza filimbi bila sababu. Jamani! Nilitoka pale bila kuaga. Miaka tisa mdogo wangu anazunguka mji huu na hajawahi kunieleza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ningekueleza mara ngapi, dada? Ni kila siku."

Wa tatu nitausema kwa kifupi maana presha yangu inapanda. Ukumbi uko kwenye jengo la bwawa la kuogelea, una lango la walemavu, mchoro wa bluu, kila kitu sawa. Lango liko juu ya ngazi kumi na nne. Nilizihesabu nikipanda na nikazihesabu tena nikishuka.

Kwa hiyo siku ya Ijumaa asubuhi tulipofika ukumbi wa nne, matumaini yote yalikuwa pale. Fundi alinyoa ndevu. Meneja alitupokea mwenyewe, mtu mnene, mchangamfu, shati limepigwa pasi. Na ukumbi ulikuwa ukumbi kweli! Milango mipana, choo kina vishikio pande zote mbili, sinki la chini, swichi za taa za kufikika. Kila nilichosoma kwenye fomu, Fundi alijibu "inapita." Alizungusha kiti chake katikati ya uwanja, akafunga breki, akatazama kikapu. Nilimuona mdogo wangu anatabasamu kama siku aliyopata mtoto wa kwanza.

"Mlango wa mbele una ngazi tatu," alisema. "Kwa hiyo wataingilia nyuma. Tukauone."

"Huo ndio fahari yetu," Meneja alisema. "Mteremko wetu una miaka kumi na mbili, hauna ufa hata mmoja. Tunaupiga deki kwa sabuni kila asubuhi."

"Kwa sabuni," Fundi alirudia.

"Ndiyo, ung'ae. Wageni wanapenda. Kuna dada mmoja mwenye magongo alianguka hapo zamani, lakini yule alijitakia, alikuja bila kuuliza."

Midomo ikaniwasha. Nilijizuia kwa sababu ya fomu tu.

Tulitokea mlango wa nyuma. Mteremko ulikuwa pale, unang'aa kijivu, bado una unyevu wa deki. Fundi alishuka taratibu, mikono imebana magurudumu, mimi nimeshika kiti kwa nyuma nikikivuta kama mtu anayevutana na ng'ombe. Kiti kilikuwa kinateleza hata gurudumu likiwa limesimama. Tulipofika chini nilikuwa natokwa jasho. Tukapima. Kimo sentimita sitini, urefu mita tatu. Sheria yake ni kwamba kwa kila sentimita ya kupanda, uwe na kumi na mbili za kwenda mbele. Ilitakiwa zaidi ya mita saba.

"Andika," nilisubiri aniambie. Hakuniambia. Alikuwa ameinama upande, anatazama kona ya chini ya mteremko, pale unapokutana na mtaro. Nikadhani ameangusha kitu. Nikainama na mimi.

Kwenye saruji kulikuwa na mikato mitatu midogo, imepangwa sambamba. Ncha ya mwiko, mara tatu, saruji ikiwa mbichi.

Alama hiyo naijua. Iko kwenye kizingiti cha nyumba yangu. Iko kwenye kaburi la mama yetu. Kila fundi ana yake, wengine wanaandika tarehe, wengine wanabandika kizibo cha soda, na mdogo wangu tangu akiwa na miaka kumi na tisa hugonga ncha ya mwiko mara tatu kwenye kona, kazi inapomridhisha. Isipomridhisha haweki.

"Haiwezekani," nilisema. "Kuna mwingine anaweka hivyo."

Aligeuza kichwa akatazama ukuta, mtaro, barabara ya nyuma. "Tulikuwa tunaletwa na lori," alisema polepole. "Alfajiri. Kulikuwa na uzio wa mabati, jengo halina paa. Tulifanya wiki mbili. Walituambia ni ghala, dada. Msimamizi alisema hii ni njia ya toroli, na nafasi inaishia kwenye mtaro, kwa hiyo niufupishe, upande wima hivyo hivyo."

Nilikaa chini, kwenye ukingo ule ule wa mtaro, kisha nikakumbuka ni ukingo gani nikaruka. Mikono yake na ikauke! Mimi ndiye niliyesema, mbele yake, kwa sauti. Na miaka mitatu baada ya kuujenga mteremko huu mdogo wangu alianguka, na mikono ndiyo iliyobaki.

Meneja alikuwa juu mlangoni anauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia tunapumzika.

Sasa nitasema ukweli wote, hata unaonitia aibu. Nilimsogelea mdogo wangu nikamnong'oneza. "Sikiliza. Anayejua ni wewe na mimi. Andika unapita. Wape jioni zao tatu. Meneja aache sabuni, tuwawekee mkeka wa mpira pale juu, yaishe."

"Mkeka utateleza nao."

"Basi andika haupiti, lakini nyamaza uliyejenga ni nani. Umeshalipa, mdogo wangu. Umelipa kuliko wote."

"Sikuanguka kwa sababu ya huu mteremko, dada. Nilianguka kwa sababu ubao ulikuwa umeoza. Usinichanganyie hesabu."

"Utamuua Kapteni kwa neno moja!"

"Mbele yake nilimuita aliyejenga hapa muuaji," alisema. "Alinisikia. Wewe pia ulisikia."

Alichukua fomu kutoka mkononi mwangu. Huwa naandika mimi kwa sababu mwandiko wake ni wa kuku, lakini safari hii aliandika mwenyewe, fomu juu ya paja, kalamu inatoboa karatasi. Haupiti. Ubomolewe wote ujengwe upya, mita saba na nusu, ukwaruzwe, uwe na reli. Na chini, kwenye nafasi ya maelezo mengine, akaandika mstari mmoja zaidi. Meneja alipousoma, tabasamu lilimtoka usoni mara moja. Alimtazama mdogo wangu, akautazama mteremko wake, akasema, "Lakini ni kazi nzuri sana."

Ilibaki sahihi ya nahodha.

Njia nzima nilikuwa nafikiria Kapteni atafanya nini. Nilifikiria atamtemea mate. Nilifikiria atalia, na hilo nililiogopa zaidi, kwa sababu sijawahi kumuona akilia na sikutaka awe ni mdogo wangu aliyemliza. Na halafu jioni zile tatu! Wanawake tisa, mwaka mzima mwingine kwenye mashimo ya lami, wakisogezwa na honi.

Tuliwakuta mazoezini. Kapteni alipotuona alirusha mpira kwa mwenzake akaja mbio, magurudumu yanarukaruka.

"Haya, leteni habari! Tunahamia lini?"

Fundi alimpa fomu. "Soma kwanza."

Alisoma kutoka juu. Inapita, inapita, inapita, midomo yake ikitamka, na kila moja uso unazidi kufunguka. Kisha akafika chini. Akasoma mara moja. Akacheka.

"Utani gani huu, Fundi?"

"Si utani."

Akasoma tena. Nyuma yetu mpira ulikuwa unadunda, mtu anaita pasi, pasi. Kapteni aliweka fomu mapajani akainyoosha kwa kiganja, mara mbili, tatu, kama nguo iliyokunjamana.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Sikujua ni wapi mpaka leo. Niliiona alama yangu."

"Ule mwinuko?"

"Ule alipanga msimamizi. Tuliambiwa ni njia ya toroli."

"Na kuteleza?"

Hapa ndipo ningependa angesema uongo. Kuna msimamizi, kuna kampuni, kuna miaka kumi na mbili, yupo hata Meneja na sabuni yake! Mtu akikosa mtu wa kumsukumia lawama, atakuwa hajatafuta.

"Niru niliipiga mimi," mdogo wangu alisema. "Hakuna aliyeniambia. Saruji ilibaki, jioni ilikuwa bado na mwanga, nikausugua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka upendeze."

Mpira uliacha kudunda, wenzake wakageuka kututazama. Nilisogea karibu na kiti cha mdogo wangu, sijui nilitaka kumkinga na nini.

"Ulipendeza," Kapteni alisema. Hakuwa anamtazama, alikuwa anatazama karatasi. "Nilisimama pale chini na magongo yangu, kabla sijaukanyaga. Kila mahali nilikuwa nimezoea ngazi. Nikautazama unavyong'aa, nikasema, angalau hapa kuna mtu alitufikiria."

Machozi yalimshuka mdogo wangu mpaka kwenye kidevu alichonyoa asubuhi, na hakuyafuta.

Kapteni alinyoosha mkono kwangu, akaniomba kalamu. Alisaini chini ya neno haupiti, akaandika na tarehe, akanirudishia fomu niipeleke ofisini. Kisha akageuza kiti chake, akawaambia wenzake Jumatatu wakutane hapa hapa, saa kumi na moja kamili, na waje na jiwe la kuzibia lile shimo lililo chini ya kikapu.